Uzi wa Damu ya Mzee

Wifi yangu amefunga wadudu wa bandia maisha yake yote, na mtaani kwetu hakuna asiyelijua hilo. Wasichokijua ni kilichotokea siku Msusi alipoingia nyumbani kwetu na drayer yake ya kukaushia nywele, ingawa kila mtu anadhani anakijua. Nimesikia kwa masikio yangu, nikiwa dukani nasubiri sukari, kwamba tulipeleka mzigo mbovu tukarudishiwa. Si kweli. Hakuna kisanduku kilichowahi kurudi katika nyumba hii tangu enzi za baba mkwe. Kwa hiyo naandika, na wifi ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisimpambe.

Ni mwanamke mrefu, mkavu wa mwili na mkavu wa maneno. Mtaa humwita Bi Nukta, kwa sababu akishasema lake humalizia "nukta", na hapo humng'oi tena. Inasemekana ndivyo alivyomjibu mchumba aliyeletwa na wazee zamani, kabla sijaolewa mimi, na yule bwana akavaa kofia yake akaaga. Hakuletwa mwingine. Marehemu mume wangu, aliyekuwa mdogo wake, alikuwa akisema kwamba dada yake alikwisha kuolewa na meza.

Meza yenyewe iko chumba cha mbele, chini ya dirisha. Baba yao alifunga hapo, na wifi alianza kukaa pembeni yake akiwa msichana wa kumshikia mkasi. Huko juu milimani maji ni ya baridi na mito ina trauti, samaki mwenye madoadoa, mjanja, asiyekubali chambo cha ovyo. Wavuvi wanaomfuata kwa fimbo nyembamba hawatumii minyoo. Hutumia ndoana iliyovalishwa manyoya hadi ikafanana na mdudu. Wengi wakisikia hivyo hufikiria nzi anayeelea juu ya maji. Hao wa juu wanafungwa na watu wengine. Sisi tunafunga tunutu, yaani yule mdudu mchanga anayetambaa kwenye mawe chini ya mto kabla hajaota mabawa, maana huko chini ndiko trauti anakoshinda akila.

Ndoana hubanwa kwenye jiliwa dogo lililofungwa ukingoni mwa meza. Wifi huizungushia waya mwembamba wa risasi, huufunika kwa manyoya ya sungura aliyoyasokota kwenye uzi, huacha nyuzi chache za unyoya wa kanga ziwe mkia, kisha huzungusha waya wa shaba ili mwili uwe na pingili. Mwisho hufunga kichwa. Likikamilika, tunutu halizidi punje ya mchele, na ukiliweka kiganjani utasita kukunja vidole usije ukaliumiza.

Sasa, ile risasi, iwe nyingi au kidogo, iko ndani na haionekani. Tunutu zito la maji ya kina na tunutu jepesi la maji haba hufanana kama pacha. Zito likitupwa kwenye maji haba hunasa mawe. Jepesi likitupwa kwenye maji ya kasi hupita juu ya vichwa vya samaki, na mvuvi husimama kutwa nzima amelowa hadi kiunoni bila kuguswa. Baba mkwe alikata shauri zamani kwamba zito lifungwe kichwa kwa uzi wa damu ya mzee na jepesi kwa uzi wa kahawia. Mafundi wengine wana alama zao. Damu ya mzee ni yetu. Waongozaji wanaowapeleka wavuvi mtoni huulizana kama kisanduku kimetoka nyumba ya kichwa chekundu, na wakiambiwa ndiyo hawafungui kukagua. Mume wangu aliitwa Kichwa Chekundu tangu shule ya msingi. Nilipoolewa niliingia katika jina hilo, na alipofariki ndilo aliloniachia nilitunze.

Mwaka huu kulikuwa na mashindano ya wavuvi huko juu. Wakala, ndiye anayechukua kazi yetu na kuisambaza mitoni, alitutaka tumwandalie visanduku vingi kuliko kawaida, na katikati ya kazi akaja na mpiga picha apate picha ya fundi mezani ili aitundike dukani kwake. Mtu hapigwi picha katikati ya takataka za manyoya. Niliagiza meza ipangwe. Binti yangu, ambaye hufunga pamoja na shangazi yake, akatandika kitambaa cheupe, akafuta jiliwa, akapanga roli za nyuzi mstari mmoja ulionyooka. Wifi alinung'unika kwamba meza yake si keki ya harusi. Hata hivyo picha ilitoka nzuri, na kazi ikaendelea.

Kupanga visanduku ni kazi yangu. Nimefundisha sayansi shule ya upili hadi nilipostaafu, na siwezi kuvumilia mstari uliopinda. Asubuhi ya siku aliyotarajiwa Wakala, wifi akiwa ametoka kumjulia hali rafiki yake mgonjwa, nilikaa na visanduku na glasi yangu ya maji pembeni. Tunutu moja la kichwa cha damu ya mzee likaniponyoka na kutumbukia kwenye glasi. Nilitarajia kulisikia likigonga kitako. Halikugonga. Lilishuka polepole, likiyumba kama jani.

Niliketi nikilitazama. Kisha nikachukua la kichwa cha kahawia, nikalidondosha makusudi. Lilizama kama msumari.

Nilimwita binti yangu kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo yeye huiogopa kuliko ya ukali. Tulijaribu mengine. Baadhi yalikuwa sawa, baadhi yamegeuzwa: mazito yamevalishwa kahawia, mepesi damu ya mzee. Na yote yalikuwa yamekwisha kuchanganywa. Hakuna jicho ambalo lingeyatenganisha, hata la malaika. Ilibidi tuyapitishe majini moja baada ya jingine, na yaliyokosewa yakatwe kichwa na kufungwa upya.

"Shangazi hawezi kukosea hivi," binti yangu alisema. "Mama, labda ni mimi."

Nilimwambia achukue beseni.

Kufikia hapo hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba Wakala atatangulia kufika. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilinipeleka dirishani. Nilidondosha, nikatazama, nikaokota kwa kibano, nikatenga kulia au kushoto. Binti alikata na kufunga vichwa. Tulikuwa tumekwenda hivyo kwa muda alipoinua kichwa akaniuliza tutayakausha vipi. Sikuwa nimefikiria. Ndoana iliyofungiwa ndani ya kisanduku na manyoya mabichi hushika kutu kabla haijafika milimani, na nje mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mabati. Jua lilikuwa halipo na halikuonyesha dalili ya kuja.

Kifaa pekee cha hewa ya moto mtaani kilikuwa cha Msusi, na Msusi ni redio isiyozimwa. Nilimtuma binti akaazime drayer na kumwonya aseme ni ya kukaushia sweta. Alirudi na drayer, na nyuma yake Msusi mwenyewe, kanga begani, chanuo bado limo nyweleni.

"Drayer yangu haitembei peke yake, Mama Mwalimu," alisema akijikaribisha. "Nilipoambiwa sweta nikajua ni uongo. Nikadhani labda leo umekubali nywele zako zione mlango wa saluni."

Nilimjibu kwamba nywele zangu hazina shida. Akasema ndiyo, hazina, zimekata tamaa. Kisha akaona beseni, taulo zilizotandazwa, na matunutu yamelala safu kwa safu. Alichomeka drayer ukutani bila kuuliza neno. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi kuliko kama angeuliza.

Ndivyo wifi alivyotukuta. Alisimama mlangoni akisikiliza ule mvumo, akauliza nani anasukwa. Alikuja hadi mezani, akanyoosha mkono, vidole vyake vikagusa taulo, vikagusa ubichi, vikaokota tunutu moja. Alilipimapima kiganjani.

"Limevaa nini hili?" aliuliza.

"Kahawia," nikasema.

"Ni zito."

"Najua, wifi."

Alilirudisha mahali pake. Halafu akageukia meza yake, akapeleka mkono wa kushoto moja kwa moja kwenye roli ya kwanza ya uzi, akaileta karibu na pua, akaipeleka dirishani, akaigeuzageuza kwenye ule mwanga mbovu. Sikuwa nimewahi kumwona akitafuta mwanga. Alimwuliza binti yangu ni rangi gani, na binti akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni kahawia.

Damu ya mzee hukaa kushoto kwa jiliwa, alisema wifi. Kahawia kulia. Ndivyo baba alivyoweka na ndivyo alivyoacha. Nani amehamisha?

Binti yangu akaanza kulia. Alikuwa ameipanga meza kwa ajili ya picha, rangi zipendeze, na hakujua kwamba kulikuwa na kulia wala kushoto. Wala mimi sikujua. Ndipo nikaelewa kwamba kwa muda mrefu wifi hakuwa akichagua uzi kwa macho. Nilipomwuliza ni tangu lini, alisema tangu mvua za mwaka juzi. Kwanza nyeusi na buluu zilianza kufanana, baadaye damu ya mzee na kahawia, na dunia nzima ikawa kama inatazamwa kupitia glasi ya chai.

"Ni mtoto wa jicho, shangazi," binti alisema. "Siku hizi wanamtoa na unarudi nyumbani."

"Baba naye aliambiwa hivyo. Alirudi nyumbani, na hakukaa tena mezani."

Hilo lilikuwa kweli. Nilimkuta baba mkwe akiwa mzee wa kukaa kibarazani, jicho moja limefunikwa, akipapasa vifungo vya shati lake kutwa kwa sababu mikono yake haikuwa na kazi. Wifi ndiye aliyemlisha. Hakuhofia giza hata kidogo. Alihofia kibaraza.

Binti alipendekeza kwamba shangazi afunge miili na yeye afunge vichwa. Lilikuwa wazo zuri na nililiunga mkono mara moja, kwa sababu lingebaki ndani ya nyumba. Wifi alitikisa kichwa.

"Nikianza kufungiwa vichwa, kesho nitafungiwa viatu. Kama siwezi kumaliza ninachoanza, niondolewe mezani kabisa. Nukta."

Msusi alikuwa amezima drayer ili asikie vizuri. Nilimwomba aiwashe. Alisema inahitaji kupoa.

Binti, ambaye machozi hayamzuii kufikiri, akasema kuna jambo jingine. Shangazi angeweza kuona nyeupe? Wifi akafikiri, akakiri kwamba kitambaa cha picha alikiona, hata kilimkera. Basi, alisema binti, mazito yavae kichwa cheupe na mepesi yavae cheusi. Hata roli zikihamishwa hatakosea.

Nilisema haiwezekani. Nilisema kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia. Vyeupe hufungwa na yeyote mwenye uzi wa cherehani. Damu ya mzee iko kwenye mazungumzo ya watu ambao hawajatuona kamwe, imebeba jina la baba, la mume wangu, na ukiiondoa watu hawatasema tumebadilisha rangi, watasema nyumba ile imekwisha. Nilisema mengi. Wifi alinisikiliza huku amekaa kwenye kiti chake, mikono imelala magotini, na nilipoiona ile mikono imelala nikaacha.

Gari lilisimama nje.

Wakala ni mtu mnene, mpole, anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Aliingia akakuta beseni, taulo, msusi, binti mwenye macho mekundu. Akauliza kama amekuja vibaya. Nami nikasikia sauti yangu ya darasani ikimweleza kwamba amekuja vizuri, kwamba tunakagua tu, kwamba katika nyumba hii kila tunutu hupitishwa majini kabla ya kutoka, ni utaratibu wa tangu zamani.

Alipendezwa. Alisema hakujua, na kwamba sasa anaelewa kwa nini waongozaji hawafungui visanduku vyetu. Angewaambia. Alikuwa tayari ameinama kuchukua kisanduku cha kwanza, kile ambacho hatukuwa tumekigusa bado.

"Weka chini," wifi alisema.

Akakiweka.

"Hakuna utaratibu kama huo. Nimekosea vichwa, Wakala. Damu ya mzee na kahawia siku hizi naziona kitu kimoja. Hivi vilivyoko kwenye taulo vimerekebishwa, hicho ulichoshika bado. Wifi yangu anataka kuninusuru, namshukuru. Lakini mtu akikosa samaki kwa mkono wangu nataka ajue ni mkono wangu."

Hakusema nukta. Nadhani hakuwa na uhakika kama yameishia hapo.

Wakala alikaa bila kukaribishwa. Alichukua tunutu moja kutoka kwenye taulo, la damu ya mzee, akalidondosha kwenye beseni. Likazama sawasawa. Akachukua la kahawia, likashuka polepole kama inavyotakiwa. Alirudia mara kadhaa, na kila alipopeleka mkono niliinama kutazama pamoja naye, kwa sababu nilikuwa nimetenga kwa haraka na sikuwa na hakika na chochote tena. Hakuna lililokosea. Akasema anaweza kusubiri hadi jioni kwa yaliyobaki, mashindano hayajaanza. Kisha akafuta vidole vyake kwa leso, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Shangazi, nakuheshimu, lakini sina budi kuuliza. Mzigo ujao atafunga nani?"

Hakumtazama wifi alipouliza. Alinitazama mimi. Binti naye alinitazama, na Msusi, drayer kifuani kama mtoto mchanga. Wifi peke yake ndiye hakunitazama. Alikuwa amegeukia dirisha, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya meza, pale roli ya kwanza inapokaa, ukisubiri bila kushika kitu.

"Atafunga yeye," nikasema. "Vichwa vya mazito vitakuwa vyeupe. Vya mepesi vyeusi."

"Wavuvi wanajua damu ya mzee, Mama Mwalimu. Nikiwapelekea vyeupe watauliza."

"Waambie nyumba imebadilisha rangi. Anayetaka sababu aje aniulize mimi."

Wakala alisema sawa, ila asingeahidi lolote. Angepeleka kisanduku kimoja cha vyeupe kwanza, aone waongozaji watakipokeaje. Kama watakikataa, tutazungumza tena. Aliongeza neno "tena" kwa upole sana, na upole wake ukaniingia kama mwiba.

Tulimaliza mchana ule. Msusi alikausha hadi la mwisho na hakutaka hata chai, akasema ana mteja aliyemwacha nusu kichwa. Kufikia machweo mtaa mzima ulikuwa na habari, na kufikia kesho yake habari ilikuwa imeota pembe: mzigo umerudishwa, Wakala amefoka, Bi Nukta amekuwa kipofu kabisa na sisi tumemficha. Nawaomba wanaosema hivyo wapite mbele ya dirisha letu asubuhi yoyote. Watamwona mezani. Roli nyeupe iko kushoto kwa jiliwa, nyeusi iko kulia, na chini ya kila roli binti amechora duara kwenye mbao ili nisije nikaagiza mapambo mengine.

Kisanduku cha vyeupe kiliondoka wiki iliyopita. Kabla hakijafungwa nilipitisha kila tunutu kwenye glasi, wifi akanicheka kwamba sasa uongo wangu umekuwa kweli. Wakala hajaleta jibu. Kila nikisikia gari naacha ninachofanya. Wifi haachi. Amekubali kwenda kutazamwa macho, kutazamwa tu, jibu likija. Akipewa jibu baya, hatakwenda; hilo hajalisema, lakini nimeishi naye vya kutosha.

Roli ya damu ya mzee niliitia kwenye kikapu cha kushonea, sikuwa na moyo wa kuitupa. Juzi kifungo cha koti langu jeusi, lile la msibani, kilikatika, na nilipolitafuta koti nikalikuta limetundikwa mahali pake, wifi amekwisha kulishona. Ameshona vifungo vyote upya, kwa mishono midogo, imara, iliyolingana, kama anavyofunga kichwa. Ameshona kwa uzi wa damu ya mzee. Alidhani ni mweusi.

Binti aliniuliza kama afumue. Nilimwambia aache. Nililivaa koti hilo Jumapili, nikapita nalo mbele ya saluni polepole, na Msusi alipotoa kichwa mlangoni kutazama vifungo vyangu, nilimwamkia.